Bunduki na Mzigo: Maandishi juu ya Vita vya 1914–1918 katika Afrika ya Mashariki

Vitabu vilivyoandikwa juu ya vita vya 1914 hata 1918 katika Afrika ya Mashariki si haba. Majemadari wameandika kumbukumbu zao, maofisa na mabaharia wameandika zao, na baada yao wamekuja watunzi wa riwaya ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa bunduki za vita hivyo zilipolia. Sikusudii kuvipitia vyote. Nakusudia kuuliza swali moja tu na kulifuata mpaka liniishie: katika maandishi hayo silaha ni nini, na ni nani anayeichukua?

Swali hili laweza kuonekana la kitoto. Kila mtu ajua ya kuwa silaha ni bunduki, mzinga na bombomu, na ya kuwa anayeichukua ni askari. Huko Ulaya, penye reli na barabara, jawabu hilo lingetosha kwa mwanzo. Lakini vita vyetu vilipiganwa katika nchi ambamo reli zilikuwa chache mno, barabara za magari hazikuwako kwa sehemu kubwa, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Katika nchi hiyo silaha isiyokuwa na kichwa cha mtu chini yake haikuwa silaha, bali chuma kilichoachwa porini. Mwandishi asiyelifahamu jambo hili, hata awe hodari namna gani wa kupanga mapigano na kupamba maneno, ameandika vita vya mahali pengine.

Yafaa tuanze na hesabu, ijapokuwa hesabu si desturi ya wahakiki. Kompania moja ya jeshi la Wajerumani mwaka 1914 ilikuwa na askari 160 hivi, Wazungu wasiozidi 20, bombomu mbili, na wapagazi 250 hivi. Twaona, basi, ya kuwa tangu siku ya kwanza wenye mizigo walikuwa wengi kuliko wenye bunduki. Sasa tumfuate mpagazi mmoja. Tumpe mzigo wa kilo 25 za unga, na posho ya kilo moja kila siku. Akienda mwendo wa siku kumi kutoka ghalani, amekwisha kula kilo kumi za mzigo wake mwenyewe. Na kama yampasa kurudi, hana budi kujiwekea kilo kumi nyingine. Anachofikisha kwa askari ni kilo tano. Akienda siku kumi na mbili na nusu hafikishi kitu. Amekuwa mtu anayebeba chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi. Kwa hiyo jeshi lililokuwa mbali na ghala lake halikuweza kulishwa na wapagazi waliokwenda safari nzima. Lililishwa na mnyororo wa watu, kila kundi likiwa na kipande chake cha njia, na kila kambi iliyoongezwa mbele ilidai watu wengine wengi nyuma.

Hii ndiyo sababu Waingereza na washirika wao walikusanya, katika miaka ile minne, watu wapatao milioni moja wa kuchukua mizigo. Hesabu ya vifo vyao katika karatasi za serikali yakaribia 100,000, na wanahistoria wengi wahisi ya kuwa waliokufa kwa kweli ni zaidi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, waliopewa watu ambao matumbo yao yalizoea chakula kingine. Kwa upande wa Wajerumani hesabu ya wapagazi haikuwekwa vizuri, na jambo hilo lenyewe ni habari ya kutosha.

Tukiwa na hesabu hii mkononi, tufungue kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, zilizochapwa 1920. Ni kitabu cha mtu mwerevu, tena cha mtu asiyependa maneno ya bure. Asimuliapo vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambamo watu wake 1,000 hivi waliwarudisha baharini watu wapatao 8,000 waliotoka Uhindi, hataki kutushangaza kwa ushujaa peke yake, atueleza vifaa. Baadhi ya kompania zake zilikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zitumiazo baruti nyeusi, ambazo kila zilipolia zilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji. Waingereza walipokimbilia merikebuni mwao wakaacha pwani bombomu 16, risasi 600,000 hivi, na bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu. Kwa jemadari aliyezuiwa na manowari za adui asipate kitu kutoka kwao, ushindi huo ulikuwa duka. Ndivyo anavyoueleza, na ni kweli.

Kadhalika atupa habari za akili iliyotumika kuziba pengo la vifaa. Katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, walitengeneza kwinini kwa magome ya miti; viatu vikashonwa kwa ngozi za wanyama; nguo zikafumwa. Manowari *Königsberg*, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ilipozamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari mbili za Waingereza zilizoelekezwa na ndege, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa majini, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, ikapelekwa bara kupigana nchi kavu.

Ikapelekwa. Hapa ndipo ninapomkamata mwandishi, na si yeye tu, bali mtindo wote wa kumbukumbu za kijeshi. Mizinga katika vitabu vya namna hii husafiri. Huonekana Kahe, kisha huonekana Kondoa, kisha hulia kusini. Kauli ya kutendwa ni rafiki mkubwa wa majemadari, maana yawaondolea mtenda. Mzinga mmoja wa namna ile ulihitaji mamia ya watu kuukokota kwa kamba katika matope, na makombora yake yakaja nyuma vichwani mwa wengine. Msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa kuwa mzinga umekokotwa, huuliza mara moja, "Na nani?" Msomaji wa kumbukumbu hizi akiuliza hivyo hujibiwa kwa idadi: mizigo kadha, wapagazi kadha, posho kadha. Si kwamba mwandishi amewasahau. Amewakumbuka sana, kama fundi anavyoikumbuka misumari.

Na jambo lililo zito zaidi ni la mbinu. Sifa kubwa aliyopewa Lettow-Vorbeck, katika vitabu vya Kijerumani na hata vya maadui zake, ni ya jemadari asiyeshindwa, aliyejua kuacha nchi ili aokoe jeshi. Aliweka bombomu mahali penye vichaka, akawangojea wakaribie, akapiga ubavuni, kisha akaondoka kabla hajazingirwa. Alitaka kuwavuta askari wengi wa Waingereza waje Afrika, wasiende Ulaya. Hayo yote yaeleweka. Lakini tuipime mbinu hiyo kwa hesabu yetu ya kilo 25. Kila hatua aliyorudi nyuma iliurefusha mnyororo wa mizigo wa adui. Mbinu yake, basi, haikuwa tu ya kupiga na kuondoka. Ilikuwa ya kuifanya njia yenyewe iue. Jemadari Smuts mwaka 1916 alijaribu tena na tena kumzunguka, akakuta kila mara amezunguka kichaka kitupu, na nyuma yake watu na wanyama wameanguka njiani. Waliolipa gharama ya werevu wa pande zote mbili ni wale waliokuwa katikati ya mnyororo, pamoja na wakulima ambao ghala zao zilifagiliwa na jeshi lililotangulia na kufagiliwa tena na lililofuata. Njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyowapata tangu 1917 hata 1920, ni sura mojawapo ya kitabu cha mbinu za vita hivi, ijapokuwa haimo katika kitabu cha jemadari.

Hata ushindi wake mkubwa waonyesha hivyo. Huko Mahiwa, karibu na Lindi, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, aliwaua na kuwajeruhi Waingereza zaidi ya 2,000, naye akapoteza watu 500 hivi kati ya 1,500. Kisha mshindi akaondoka, maana risasi zilikuwa zikimwishia, na baada ya wiki chache akavuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno. Mwezi huo huo wa Novemba Wajerumani walirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, chombo cha hewa cha Zeppelin, *L59*, kije kumletea vifaa vya tani 15 hivi. Chombo chenyewe kilikusudiwa kichanwe kikifika, ngozi yake iwe nguo na mahema. Kilifika Sudani, kikaitwa kirudi. Ni kisa ambacho mtunzi angekibuni angelaumiwa kuwa atia chumvi. Lakini tukigawa tani 15 kwa mizigo ya kilo 25 twapata mizigo 600. Ufundi wote ule wa Ulaya, injini na gesi na wanamaji wa angani, ulitumwa kuvuka bahari na jangwa ufanye kazi ya watu 600.

Watunzi wa riwaya wa Kiingereza hawanishughulishi sana hapa, ila mmoja wao astahili neno, maana amefanya kinyume kabisa cha ukweli, tena kwa ustadi. C. S. Forester alichapa *The African Queen* mwaka 1935, na filamu yake ya 1951 imetazamwa dunia nzima. Mwanamume na mwanamke wa Kiingereza washuka mto katika mashua mbovu, ili wakailipue manowari ya Wajerumani ziwani kwa mabomu ya kujitengenezea. Kisa cha kweli kilicho nyuma ya riwaya hii ni cha mashua mbili za Waingereza, *Mimi* na *Toutou*, zilizosafirishwa 1915 kutoka Afrika ya Kusini kupitia Kongo mpaka Ziwa Tanganyika, kwa reli, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya Waafrika waliokata miti na kujenga madaraja milimani. Forester alifanya nini? Aliwaondoa watu wote hao, akaitia kamba ya kukokotea mashua mikononi mwa Wazungu wake wawili. Msomaji hulia kwa huruma akiwaona wakiburura chombo chao matopeni. Ni sehemu nzuri, nakiri. Lakini jasho lile limeazimwa, na mwenyewe hakutajwa.

William Boyd katika *An Ice-Cream War*, ya 1982, yu karibu zaidi na historia, na kejeli yake juu ya upumbavu wa maofisa huko Tanga ni kali na ya haki. Hata hivyo kejeli hiyo ni ya Wazungu juu ya Wazungu. Mwafrika apita nyuma ya jukwaa.

Kwa kuwa Tanga imetajwa tena, nizungumze kidogo juu ya nyuki. Katika vita vile risasi zilichokoza nyuki wa mwituni, nao wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Na waandishi wa Kiingereza hawachoki kukieleza kisa hicho, hata wengine wakaviita vita vya nyuki. Kwao ni kichekesho. Kwa Kiswahili kuna jambo zaidi ya kichekesho, maana neno letu la silaha ile kubwa na neno letu la nyumba ya nyuki ni moja: mzinga. Wazee wetu walipoona gogo la chuma lenye tundu walilitazama wakaliita kwa jina la gogo la mti lenye tundu, lililotundikwa juu likingoja nyuki. Mtunzi wa Kiswahili angesimulia siku ile angekuta lugha imekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Hadi sasa kazi hiyo imefanywa na watu ambao hawakuweza kuusikia mlio huo wa neno.

Hapo twafika kwa Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekaribia kuliko wote kuiona silaha ya kweli ya vita hivi. Nitazitazama riwaya zake mbili kwa pamoja, maana ya pili yachukua mahali ilipoachia ya kwanza.

*Paradise*, ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi* (2022), si riwaya ya vita. Ni riwaya ya msafara. Kijana Yusuf, aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri Aziz, apelekwa bara pamoja na wapagazi na mnyapara wao Mohammed Abdalla, mpaka nchi ya Chatu, ambako mali yote yanyang'anywa. Katika safari hiyo twauona mzigo kwa macho: uzito wake, bei yake, ugomvi wake, fimbo ya mnyapara inayoulinda. Kisha, katika kurasa za mwisho, safu nyingine yaingia mjini. Ni askari wa Wajerumani, nao wawakamata wanaume ili wawachukue vitani. Yusuf ajificha, na wakiisha kuondoka, ghafula akimbia kuwafuata. Wahakiki wengi wamebishana juu ya kitendo hicho cha mwisho, wengine wakikiita uhuru, wengine utumwa mpya. Mimi naona ya kuwa mtunzi ametuonyesha jambo la ujenzi kabla ya jambo la maadili: msafara wa biashara umegeuka kuwa msafara wa vita, na migongo ni ile ile. Aliyesoma safari ya kwenda kwa Chatu hahitaji kuelezwa safu ile itakuwaje ikifika porini.

*Afterlives*, iliyotoka 2020, yaingia vitani yenyewe. Hamza, kijana aliyetoroka kwa tajiri, ajiandikisha katika jeshi la Wajerumani. Ofisa wake amfanya mtumishi, amfundisha Kijerumani, na mwishowe amwachia kitabu cha Schiller. Ilyas, ambaye utotoni alichukuliwa na askari na kusomeshwa na Wajerumani, ajitolea kwa hiari kuwapigania, naye atoweka. Mwisho wa riwaya twajua ya kuwa alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Sura za mazoezi ni miongoni mwa kurasa bora nilizosoma juu ya jinsi mtu anavyotengenezwa kuwa silaha. Hapa bunduki si kitu anachopewa mtu aliyekwisha kuwa askari. Kwanza yavunjwa aibu yake, kisha kiburi, kisha yajengwa kiburi kingine, cha sare na cheo, na mwisho wa kazi hiyo bunduki yakaa mkononi kana kwamba imeota. Jeshi hili lilikuwa na majina ya vyeo yaliyotoka mbali: ombasha, shaush, betshaush, sol, afandi. Ni maneno ya Kituruki, yaliyoletwa na wanajeshi wa Kisudani ambao Wissmann aliwaajiri Kairo mwaka 1889. Mpagazi hakuwa na jina lolote katika ngazi hiyo, na askari wa Gurnah wajua vizuri ya kuwa heshima yao imesimama juu ya mtu asiye na jina.

Lakini sehemu ninayoiona kuwa kilele cha riwaya ni jeraha la Hamza. Katika vita vilivyokuwa na bombomu, makombora, ndege na mizinga ya manowari, shujaa wetu hapigwi na kimoja katika hivyo, wala hapigwi na adui. Akatwa kwa upanga na Feldwebel wa kambi yake mwenyewe, mwishoni mwa vita, safu ilipokuwa imechoka na kuparaganyika. Mtunzi aliyetaka mapambo angemwangusha katika mapigano makubwa kama ya Mahiwa. Gurnah amejua ya kuwa jeshi lililojengwa juu ya fimbo, likiisha kukosa risasi na chakula, litarudi kwenye fimbo. Silaha ya kale kabuli ya silaha zote za ghala lile ndiyo iliyobaki ikifanya kazi. Na tazama anakopelekwa majeruhi: si hospitali ya jeshi, bali misheni ya Kilemba, ambako ponyo lake ni la polepole, bila utukufu wowote.

Pamoja na sifa hizo, nina ugomvi mmoja na riwaya hii. Wapagazi wamo ndani yake; wafa, watoroka, wapigwa. Lakini hakuna mpagazi aliye mhusika mkuu. Jicho la mtunzi lakaa kwa askari, na kwa mpagazi latupwa kutoka kwa askari. Atakayemtetea atasema ya kuwa Gurnah amemchagua askari kwa makusudi, kwa kuwa ndiye mwenye hatia na ndiye mwenye maelezo ya kutoa: aliajiriwa, alilipwa, aliua watu wa nchi yake kwa ajili ya mgeni. Utetezi huo una nguvu, na kwa riwaya ile naukubali. Watuachia, hata hivyo, mahali patupu pale pale alipopaacha jemadari, ingawa kwa sababu bora.

Je, sisi wenye lugha tumefanya nini? Tunazo tenzi za vita za kujivunia. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, juu ya vita vya zama za Abushiri. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji-Maji ya 1905 hata 1907. Kisha mkondo wa masomo yetu waruka. Utenzi mkubwa unaofuata katika madarasa ni *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, wa Shaaban Robert, wa beti zipatazo 3,000, aliouandika kati ya 1942 na 1946, ukachapwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Nao ni juu ya vita vya 1939 hata 1945. Shaaban alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alikuwa mtoto wa miaka mitano meli za Waingereza zilipotia nanga mlangoni pa nyumba yao, tunaweza kusema. Akaja kuimba Warsaw na Berlin kwa maelfu ya beti. Simlaumu. Utenzi ni bahari ipendayo majina makubwa na matendo yanayoonekana. Mshororo wa mizani nane husimama vizuri panapokuwa na shujaa wa kutajwa na adui wa kukabiliwa, na vita vya Ulaya vilimletea majina hayo kwa magazeti na kwa redio kila asubuhi. Vita vya wapagazi havikuwa na majina ya kuletwa.

Katika Dar es Salaam ipo sanamu ya askari wa shaba, iliyosimamishwa 1927, ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake yamewataja pia wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki. Si mbali na hapo lipo soko ambalo jina lake, Kariakoo, ni jina la kikosi cha wapagazi lililotafunwa na ndimi za Waswahili mpaka likawa lao. Jiji limeandika habari ile ile mara mbili, kwa mtindo wa serikali na kwa mtindo wa watu, na mhakiki hana shida kujua ni upi uliosomwa na wengi.

Husimuliwa pia ya kuwa mwaka 1964, Wajerumani walipoamua kuwalipa askari wao wa zamani waliobaki hai, wazee wengi walifika Mwanza bila cheti chochote. Ndipo mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani wauchukue kama bunduki, na hakuna aliyekosea hata amri moja. Vitabu hukieleza kisa hiki kwa furaha. Nami nakiona kizuri, ila kila nikisomapo huwaza mzee mwingine aliyepita nje ya mlango siku ile, ambaye naye alitumika miaka minne. Angepewa nini aonyeshe? Kazi yake haikuwa na amri za kukariri.

Hilo ndilo tatizo la sanaa linalomngoja mtunzi wa Kiswahili atakayekishika kisa hiki, nalo si dogo. Mpagazi wa mnyororo alitembea kipande kile kile cha njia, siku tano kwenda na siku tano kurudi, mara nyingi bila kuona mapigano yoyote. Mizinga aliisikia, au hakuisikia. Riwaya ya vita yataka kilele, na maisha yake yana kurudia tu, mpaka siku anapougua. Mtunzi akimpeleka kwa nguvu penye risasi ili apate kilele, amekwisha kumgeuza askari, na tumerudi tulipokuwa. Adam Shafi katika *Kuli*, ya 1979, alipata njia yake kwa watu wa bandari ya Unguja: aliufanya uzito wa mzigo wenyewe, na ujira wake, na mgongo ulioubeba, viwe ndivyo vinavyosukuma hadithi hatua kwa hatua mpaka mgomo wa 1948. Wapagazi wa 1917 hawakuwa na chama wala bandari moja ya kukutania. Walikuwa na njia, na usiku wa kutoroka, na wale waliobaki kambini asubuhi wakagawiwa mizigo ya waliotoroka.